Ami Hud Anyamaza

Ami Hud alisomea isimu ya Kirusi huko Urusi kwenyewe, na Ibra nzima, mji wetu huku Oman, hapakuwa na mtu aliyeihitaji. Serikali ya Unguja ilimpeleka akiwa kijana, akapangiwa chuo cha mkoani, Voronezh, mbali na Moscow na fahari zake. Alipokuja Oman alipewa kazi ya kufundisha Kiingereza, akaifanya mpaka akastaafu. Sisi watoto wa nduguze tukamwita Mrusi, naye akiitika tu.

Kazi yake ya kule ilikuwa kukusanya maneno. Kila kiangazi wanafunzi walitawanywa vijijini kukaa na mabibi wakulima, na kila neno la bibi likaandikwa kwenye kadi yake. Mwalimu wao, Antonina Pavlovna, alikuwa na sharti moja: mpe bibi kitu chenyewe mkononi, uliza, kisha funga mdomo. Siku moja Ami Hud alimwonea huruma kikongwe aliyekwama, akamtajia neno. Kikongwe akaitikia kwa adabu. Antonina akaichana ile kadi mbele ya wenziwe, akasema neno hilo ni la Hud, si la bibi.

Kisa hicho tumesimuliwa mpaka tumekichoka. Ajabu ni kwamba mwenyewe alikisahau pale kilipohitajika.

Mkewe, Bi Fawziya, alipigwa na kiharusi mwaka jana. Akili yake tuliamini ipo, lakini ulimi ukawa mzito. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nyumba yetu haijui kimya, kingi wala kichache. Bi Fawziya akifungua mdomo tu tunamgombania: maji? mandazi? mto? Kwetu kumwacha mkubwa ahangaike na neno ni utovu wa adabu. Naye huitikia kwa kichwa, lolote liwalo. Ami Hud ndiye aliyekuwa wa mbele, kwa mapenzi.

Mwana wao Asaad, anayekaa Nizwa, akaomba mahakamani awe msimamizi wa mamake. Nyumba ya Ibra, aliyoirithi Bi Fawziya kwa babake, iuzwe, na wazee wahamie kwake. Si mtu mbaya Asaad. Alichoka na safari, na kila simu ikilia anaingiwa na hofu. Mahakama ikataka ripoti ya daktari: mama anaweza kujiamulia au hawezi? Ikiandikwa hawezi, nyumba imekwenda.

Daktari Yaqeen, binti wa mji wa Sur, aliyetupokea hospitalini, hakujua Kiswahili, na Kiarabu cha Bi Fawziya kilikuwa kimekwenda na kiharusi, kwa hiyo nilikuwa natarjumu. Akamuuliza jina lake, Asaad akajibu. Akamuuliza ana watoto wangapi. Nikajibu mimi, hata sikujua kama nimejibu. Daktari akasema kwa upole kwamba mgonjwa bado hajamsikia. Kisha akaniambia nimuulize: wewe ni mwanamume?

Nikauliza. Bi Fawziya, kwa mazoea tuliyomzoesha sisi, akaitikia kwa kichwa.

Daktari akaanza kuandika.

Ami Hud akabadilika rangi. Akamwomba daktari angoje, akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni mwa kanzu yake, akautia kiganjani mwa mkewe.

"Fawziya, nyumba hii wataka ifanywe nini?"

Akafunga mdomo.

Bi Fawziya akaupapasa ufunguo. Midomo ikatikisika, pasitoke kitu. Asaad akainama mbele kumsaidia, na Ami Hud akamshika mkono.

"Usimtilie neno mdomoni, baba. Wallahi, hata likiwa la kweli."

Tukangoja. Nilimtazama Ami Hud, jasho likimtiririka shingoni. Neno alikuwa nalo. Naapa alikuwa nalo. Akilitamka, daktari ataandika kuwa ni la mume. Asipolitamka, na mkewe asiliweze, nyumba ndiyo basi. Mimi mwenyewe niliuma kidole nisije nikasema. Daktari akatazama saa.

"Ni… yangu," akasema Bi Fawziya. Akapumua. "Siuzi. Nitafia… humo."

Nilitarjumu huku nalia. Daktari akaikata kwa mstari karatasi aliyokwisha kuiandika, akachukua nyingine. Asaad akambusu mamake kichwani.

Ami Hud alikuwa ameinamisha uso. Bi Fawziya akamgusa goti kwa ule ufunguo mpaka akamtazama.

"Siku zote hizi, Hud," akasema, neno moja moja, "nakungoja unyamaze."