Hedifoni za Edani

Nikimkumbuka fundi redio yule wa Darajani damu inanichemka mpaka leo. Nilimwendea na haja ya mtu mzima, akanipokea kama aliyeletewa mchezo. Nilimwambia nataka kitu cha kumwezesha mtu mmoja asikilize tepu chumbani mwake, peke yake, na nje isitoke sauti hata chembe. Akafuta mikono, akaingia ndani, akarudi amekumbatia amplifaya ya kupigia harusi, na jasho linamtoka.

"Hii," alisema, "ukiifungua hapa watu wanakusikia Kikwajuni."

Nilimuuliza kama amesikia neno hata moja katika niliyoyasema. Akacheka, akaniambia wanawake hatujui mambo ya mashine, kitu kizuri ni kile chenye nguvu. Wallahi nilitamani nimfunike nayo hiyo amplifaya yake. Lakini nilikuwa namhitaji, basi nikakaa juu ya kibao chake nikaanza kumweleza upya, taratibu, na yale yasiyomhusu sikumwambia.

Yasiyomhusu ni haya. Baba yangu alikuwa amefariki mwezi uliopita na mama yuko edani, amefungiwa chumbani miezi minne na siku kumi kama ilivyo ada, hatoki, hajipambi, hatii manukato. Baba alikuwa karani wa forodha, na jioni mpiga fidla. Baada ya Mapinduzi bwana mmoja jirani yetu alipohama alimwachia tepurikoda, ile ya magurudumu mawili, na baba akaipenda kupita kiasi. Spika yake ilikuwa imekufa zamani. Akitaka kuisikiliza, baba aliiunganisha na redio kubwa ya ukumbini, na hapo mtaa mzima ulikuwa mgeni wetu.

Katika tepu zake moja haikuwa ya taarabu. Ilikuwa ya Ijumaa moja baada ya chakula, baba anajaribu mashine. Anapiga fidla kidogo, anaacha, anautukana uzi mmoja uliolegea, kisha anamwita mama amletee kahawa, anamtania, anamsimulia vituko vya bandarini. Kwa mtu mwengine ile ilikuwa tepu ya bure. Mama aliijua kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na tangu baba azikwe alikuwa akiomba kitu kimoja tu, aisikie.

Ami yangu, kaka yake baba, aliyekaa ghorofa ya chini ya nyumba yetu, ndiye aliyekataa. Alisema nyumba ya msiba haipigwi fidla. Sawa, hilo hata mama alilijua, wala hakutaka kumvunjia mtu heshima. Lakini ami hakuishia hapo. Alipanda ngazi, akasimama nje ya mlango wa mama, akatangaza kwamba siku eda itakapokwisha ataichukua mashine pamoja na tepu zote, kwa sababu tepu hazipatikani tena madukani na yeye anataka kurikodia mawaidha. Zile za zamani zitafutika zenyewe. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

Mimi niliona kizunguzungu kwa hasira. Mtu huyuhuyu kwenye harusi za mjini alikuwa hakai kitini, shingo inamcheza kabla wapigaji hawajamaliza kukaza nyuzi, na leo eti mawaidha! Na nani angembishia? Ukisema hapana, unaonekana unayakataa mawaidha. Alikuwa amelipanga jambo lake vizuri sana.

Nilipoingia chumbani mama alikuwa amekaa juu ya busati, hakulia. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nataka kumsikia sasa, nami bado mke wake. Nikishatoka hapa watu wataniambia nishakuwa mtu mwengine." Basi. Hilo ndilo lililonipeleka Darajani, na ndilo lililonifanya nimvumilie yule fundi.

Alipochoka kunisifia amplifaya ya harusi alinitolea hedifoni, spika za kuvaa masikioni. Zilikuwa nzuri kwa kutazama, nyepesi, na mgongoni zimetobolewa vitundu vidogo vidogo. Alisema hizo ndizo bora, zina sauti safi kwa sababu zinapumua. Nikamwambia azivae yeye. Akazivaa, akafungua wimbo. Nikatoka nje mpaka kwenye kizingiti cha duka, na hapo, katikati ya kelele za soko, nikamsikia mwimbaji na maneno yake yote.

Nikarudi nikamwambia, kama mimi nnamsikia kwenye kizingiti, jirani ambaye dirisha lake na letu yanapeana chumvi kwa mkono atakosa nini? Akasema lakini ukiziziba sauti inakuwa nzito, haina raha. Nikamjibu kwamba raha sikumwomba, nataka zilizozibwa, na kama duka lake zima halina anambie niende zangu. Hakuwa nazo. Wala hakuona haya kuniambia kwamba vitu vya hivyo hakuna mtu anayevitaka.

Kwetu mjini, ukitaka kitu kisichokuwapo madukani, unawauliza wanawake. Niliwauliza walimu wenzangu skuli, na mmoja akanielekeza kwa shoga ya mamake aliyekaa Mbweni, ambaye mumewe alikuwa akipokea simu za upepo, zile za redio, melini. Nilikwenda Jumapili. Bibi yule alinisikiliza mpaka mwisho, maana yeye nilimweleza kila kitu, na nilipofika kwenye habari ya mawaidha alisonya mpaka paka akainuka. Kisha akafungua sanduku la mumewe, aliyekuwa safarini wakati huo, akatoa hedifoni zake za zamani, nyeusi, nzito, kila upande kikombe kizima kisichokuwa na tundu, na pembeni mpira mnene unaolifunika sikio lote. Mumewe alikuwa akizivaa ili ngurumo ya injini isimwingie. Nilizivaa palepale, na sauti ya yule bibi ikapotea wakati mdomo wake bado unakwenda. Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Nilirudi kwa fundi nazo, na hapo ndipo vita vya amplifaya vilipoanza upya. Bado alitaka kuziunganisha na lile dubwana lake. Tulipojaribu, bila ya tepu kupigwa, zilinguruma masikioni mwangu mfululizo, na alipokigusa kitufe cha sauti kidogo tu nilipiga ukelele nikazivua. Hedifoni za melini zimetengenezwa kwa umeme mdogo. Dubwana lile lingeziunguza, au lingemtoboa mama masikio. Nilimwambia anitafutie kiamplifaya kidogo. Akanitolea cha redio, kikavuma. Cha pili kikavuma zaidi. Mimi kila kimoja nilikivalia hedifoni, nikafumba macho, nikasikiliza kikiwa hakipigi kitu.

"Wewe ni mtu wa ajabu," aliniambia, amekasirika kweli sasa. "Watu wote wanapima amplifaya kwa kelele, wewe unapima kwa kimya."

Nikamwambia ndiyo, na alete chengine. Mwisho, kwa kunichoka tu, alichomoa kiamplifaya kilichokuwa ndani ya mashine ya santuri iliyoharibika, chenye taa moja ya kioo, kinachotosha ndani ya bakuli la mboga. Nilikisikiliza hicho, sikusikia kitu. Nilidhani hakijawashwa. Alipoweka wimbo, mwimbaji alikuja polepole, yuko karibu, hapigi kelele. Nikamwambia akifunge kwenye gazeti, ninakwenda nacho.

Tulingoja siku ya pili baada ya Alasiri, saa ambayo ami hukaa barazani nje na wenzake kwa kahawa na maneno. Niliunganisha mashine juu ya meza ndogo. Mama alishusha kanga kutoka kichwani, akavaa hedifoni juu ya nywele zake, akakaa ameupa mlango mgongo. Nikaiwasha tepu. Nilimwona mabega yanashuka. Nilitoka nikaufunga mlango, nikaweka sikio, kimya. Nikapita dirisha la korido, kimya. Nikasema moyoni, fundi wa Darajani na aje hapa asikilize, kama ana masikio ya kusikiliza. Nikaenda zangu jikoni kutwanga bizari.

Sasa nani angefikiria? Ile mipira iliyoizuia sauti isitoke ilimzuia mama pia asijisikie mwenyewe. Na mama alikuwa ameitwa na mumewe. Katika maisha yao yote hajawahi kuitwa na baba akakaa kimya. Nikiwa jikoni nilisikia sauti yake, kubwa, ya mtu anayeitikia kutoka chumba cha pili: "Naam!" Halafu: "Nnakuja, maji hayajachemka!" Kisha akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu nilipokuwa mtoto, akasema, "We, acha utani wako, nshatia sukari!"

Nilitupa mchi. Lakini kabla sijafika koridoni yule jirani wa dirisha la mkabala alikuwa ameshalifungua na keshawaita watu wa barazani. Aliwaambia mjane yuko edani na chumbani mwake mna mwanamume. Ati alijua ni mwanamume kwa sababu mama alikuwa akimjibu na yeye hasikiki, kwa hiyo ananong'ona, na mtu mwenye nia njema hanong'oni. Yaani laiti tungepiga fidla mtaa mzima ukasikia, angetusema kwa kuvunja msiba tu. Kimya chetu ndicho kilichotuponza. Nilitamani nimrudishie dirisha lake usoni.

Ami alipanda ngazi mbili mbili, na wazee wawili wa barazani nyuma yake. Nilisimama mlangoni nikatanua mikono.

"Ami, humu mna mwanamke yuko edani," nilimwambia. "Unakwenda wapi?"

"Nnakwenda kumtoa huyo mwanamume," alisema, akanisukuma.

Hapa ndipo hasira yangu inapokataa kuzeeka. Huyu ndiye aliyetufundisha mwezi mzima nini haifai. Asifungue dirisha, haifai. Asizungumze na muuza samaki, haifai. Na ni yeye, shemeji, mwanamume ambaye mama alikuwa haruhusiwi hata kuonana naye, aliyeingia chumbani kwa mjane bila ya hodi, mama kichwa wazi. Hata macho hakuyainamisha. Alitazama nyuma ya kabati. Akapiga magoti, na kilemba chake kile, akachungulia chini ya kitanda.

Mama aligeuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni na mdomo bado unacheka. Alimwona ami yuko sakafuni, na ninavyomjua mama nilitegemea ashituke avute kanga yake. Hakuivuta. Aliinua mkono, kiganja mbele, akamwambia kwa ile sauti kubwa asiyoisikia:

"Shemeji, nyamaza. Nduguyo anasema."

Ami alibaki pale chini. Macho yake yaliufuata waya kutoka kichwani kwa mama mpaka kwenye meza, yakafika kwenye yale magurudumu yanayozunguka. Aliinuka kwa kushika kitanda, akaugeuzia uso ukuta, akatoka amejibanza nao mpaka mlangoni. Kule kwenye ngazi wazee walimuuliza. Nilimsikia anawajibu, sauti imekauka:

"Hamna mtu."

Nilichemka upya. Angeweza kuwaambia ni sauti ya nduguye iliyokuwa ikisikilizwa. Angeweza kuwaambia amekosea, amemvunjia mjane heshima, na yule jirani wa dirishani naye akasikia. Alichagua maneno mawili yaliyomsitiri yeye. Mashine hakuja kuichukua, si siku ile wala eda ilipokwisha, lakini kuomba radhi hakuomba mpaka anaingia kaburini, na mimi sikumsaidia kusahau.

Niliufunga mlango kwa komeo. Tepu ilikuwa imekwisha, ncha yake inapiga piga. Mama alivua hedifoni, akajifuta uso kwa kanga, akaniuliza shemeji yake amewaambia nini watu kule nje, maana yeye masikio yalikuwa yamezibwa. Nilitaka kumficha, nikashindwa. Nikamwambia amesema hamna mtu.

Mama alinionyesha kwa mkono niirudishe tepu mwanzo, nikairudisha. Akavaa hedifoni upande mmoja kwanza.

"Mwambie siku nyengine apige hodi," alisema. "Humu mna mtu na mkewe."