Kutafuta Kaburi kwa Picha za Ndege

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuifundisha kompyuta kutambua makaburi. Nilipowaeleza watu hivyo walicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa na picha nyeusi na nyeupe zilizopigwa na ndege za wapimaji wa ardhi zamani, kabla sijazaliwa. Ukizitazama kwa kioo cha kukuza uliona vidoa vya duara: marundo ya mawe ambayo watu wa kale waliyajenga juu ya wafu wao, kuanzia Wajir hadi mpakani. Niliionyesha kompyuta vidoa tulivyokuwa na hakika navyo, nikaiambia hiki ndicho, hiki sicho, wiki baada ya wiki, mpaka ikaanza kuvitafuta yenyewe na kuvitia alama nyekundu. Ilikosea sana. Maboma ya ngamia yaliyohamwa iliyaita makaburi, na vichuguu pia.

Mimi si mtu wa kukaa. Katika chumba kile cha Nairobi nilikuwa nikiinuka kila mara kwenda dirishani, nikirudi, nikiinuka tena, mpaka Daktari, mwanamke aliyeongoza utafiti, akaniambia nitamtobolea sakafu yake. Kwa hiyo aliposema tunakwenda kuhakiki zile alama kwa macho yetu, nilifunga begi siku hiyohiyo. Nilikulia Garissa, baba akiwa fundi wa pampu za maji, na nilidhani nikivuka daraja la Tana moyo wangu utatulia. Haukutulia. Modogashe tulikaa tukisubiri gari la askari wa kutusindikiza, kwa sababu ya majambazi wa njiani, nami nikawa nazunguka Landrova yetu kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Wajir tulimchukua mwalimu. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefundisha shule ya msingi, na shule zilikuwa zimefungwa. Ndugu zake walichunga mifugo kati ya hapo na Elwak, na Daktari alimtaka azungumze na wenyeji kila tutakaposimama, maana Kisomali changu kilikuwa cha sokoni tu. Asubuhi ya kwanza alinikuta nimetandaza picha juu ya boneti. Akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Abaayo," akaniita, yaani dada, "hii inaweza kuonyesha kaburi la mtu mmoja?"

"La mtu gani?"

"Hooyo. Mama yangu."

Alinieleza bila kuinua macho. Ule ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya tisini ulipowapiga, yeye alikuwa Garissa, chuo cha ualimu. Familia yake ilikuwa ikisogea na mbuzi waliobaki kuelekea visima vya Elwak, na mama yake akafia njiani. Aliyemzika ni abti, mjomba wake, kaka wa marehemu. Sasa abti alikuwa mzee anayeishi Elwak, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alichoweza kumwambia ni kwamba alimzika karibu na rundo kubwa la mawe ya watu wa kale, mahali laga mbili, mito mikavu ya msimu, zinapokutana, kando ya bwawa linalokauka lenye umbo la unyayo wa ngamia. Mwalimu alikuwa amelitafuta kaburi hilo kwa kuomba lifti kwenye malori. Marundo ya mawe aliyaona mengi, lakini mahali penyewe hakupaona.

"Picha hii ni ya zamani," nilimwambia. "Ilipigwa kabla ya kifo chake."

"Zamani kiasi gani?"

Nilipomwambia akatabasamu kidogo. "Basi Hooyo yumo humu. Ni msichana, anachunga."

Tangu hapo sikupata raha. Kaburi nisingeweza kuliona, lakini laga ningeweza, na bwawa, na rundo kubwa pia. Nilizipitia picha zote za kusini mwa Elwak, nikisahau chakula, nikiogopa kupata na nikiogopa kukosa. Mwishowe nikapaona: mistari miwili ya kijivu ikiungana, doa jeupe lililogawanyika mbele kama unyayo, na kando yake alama nyekundu ya kompyuta. Nilimwonyesha Daktari kwanza.

"Alama hiyo tungeiendea vyovyote vile," alisema. "Lakini usimwahidi kitu. Kompyuta yako imeshatupeleka kwenye vichuguu vingapi?"

Sikumwahidi. Nilimwambia tu tunakokwenda, naye akafunga shela yake upya.

Siku hiyo kila mtu alikuwa na haraka. Mkubwa wa askari alitaka tugeuze mapema, kwa kuwa siku chache kabla gari lilikuwa limepigwa risasi upande wa Lafey. Kifaa chetu cha mkononi cha kuonyesha mahali ulipo kwa satelaiti kilituambia tumefika, nasi tulikuwa katikati ya vichaka vya miiba, hakuna laga wala jiwe. Vifaa vya miaka ile vilikosea hivyo. Niliruka chini nikaanza kukimbia huku na huku, askari mmoja akinifuata na kunilaani, mpaka nilipotokea ukingoni mwa laga na kuliona rundo ng'ambo yake. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyowaza, refu kunipita, mawe yake meusi kwa jua.

Daktari alifurahi kama mtoto. Alitoa kamba ya kupimia, akaanza kuzungumza juu ya kurudi msimu ujao na kuchimba upande mmoja. Mwalimu hakulitazama rundo. Alikuwa ameshayaona makaburi mengine, madogo, yaliyotawanyika chini yake, mafungu ya mawe kichwani na miguuni. Kumbe wengi walifia pale mwaka ule. Alikwenda kwenye la kwanza, akachuchumaa, akaenda la pili, akarudi la kwanza. Hayakuwa na alama yoyote.

"Lipi?" aliniuliza, kana kwamba mimi ningejua. "Abaayo, lipi?"

Gari la askari lilipiga honi. Mwalimu alisimama katikati, akainua mikono, akawaombea dua wote kwa pamoja. Alipomaliza alimwendea Daktari.

"Ukichimba hapa, unachimba miguuni pa mama yangu."

Daktari alishusha kamba. Nilimjua kwa hasira zake na nilidhani atabishana. Alitazama yale mafungu ya mawe, akatazama rundo lake. "Nitapima tu," alisema. "Sitachimba." Na hakuchimba kamwe, ingawa palikuwa pahali pazuri kuliko pote tulipopata safari ile.

Tuliondoka honi zikilia. Mwalimu alikaa kando yangu, viganja vimejaa vumbi, nami nilijihisi kama mtu aliyemfikisha mwenzake mlangoni akakosa ufunguo.

Nilikutana naye tena Garissa mwaka uliofuata, alipokuja kwenye mkutano wa walimu. Tulikaa katika hoteli ndogo karibu na stendi ya mabasi. Aliniambia alimpandisha abti kwenye lori la mifugo akampeleka pale. Mzee alilipapasa rundo kwa mikono, akaligeuzia mgongo, akatembea polepole kuelekea bwawani, akayapita makaburi yote tuliyoyaona. Akasimama kwenye kijisehemu kilichoota majani, ambacho hakuna kati yetu aliyekitazama.

"Hapa," mzee akasema. "Nilimlaza mwenyewe."

"Uliamini?" nilimuuliza mwalimu. "Si haoni?"

"Haoni. Lakini aliketi pale akamwita dada yake kwa jina la utotoni, akalia. Wallahi, sijawahi kumwona abti akilia." Akakoroga chai yake. "Tumepazungushia miiba, fisi wasipite."

Kisha akaniuliza habari za kazi. Nilimwambia nimeiacha, natafuta nyingine, sijui ipi. Alicheka, akaniagizia chai ya pili bila kuniuliza, tukaongea juu ya wanafunzi wake mpaka utingo wa basi la Wajir alipokuja kumwita.