Chokaa Mbichi Mbele ya Sumaku

Aliyekulia kwenye kampi za wafanyakazi hapa Lubumbashi anaijua desturi hii: mgeni mkubwa akitangazwa, ukuta wa mbele hupakwa chokaa. Ule wa mbele tu, kwa sababu mgeni hazunguki nyuma. Tulifundishwa hivyo na kampuni yenyewe, enzi ilipokuwa bado inagawa unga, na kutoa zawadi kwa nyumba yenye uso safi. Mimi nilikuwa shefu, yaani mkuu, wa kampi yetu, upande wa Ruashi, na desturi hiyo niliishika kama sala.

Kisha kampuni ikaanguka. Mishahara ilikoma, zahanati ikafungwa, vita vikawa habari za kila asubuhi redioni, na mafundi niliofanya nao kazi karakanani wakaenda Kambove kuchimba madini kwa mikono. Tukabaki na nyumba tu. Wakubwa wa serikali wakatangaza kwamba nyumba zitakazokutwa imara zitakuwa mali ya familia zinazokaa ndani, na zile ambazo kuta zake zimeingiwa na maji zitavunjwa. Zingepimwa kwa mashine.

Nilipita mlango kwa mlango kuhimiza chokaa. Ilikuwa kidogo, kwa hiyo niliwagawia wale ambao nyumba zao zilitazama barabara. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mjane wa rafiki yangu wa karakana. Alisita, mvua zilikuwa hazikatiki, akasema haitakauka. Nilimwambia asinitie aibu. Akapaka, na kwa heshima yangu akarudia mara ya pili.

Kesho yake mashine ikaja: sanduku dogo la kushika mkononi, lenye sumaku kali, na waya wa kwenda kwenye betri. Fundi wake alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa Kasai aliyesomea ng'ambo. Alituomba tuweke mbali saa na funguo, kisha akatueleza. Ndani ya maji, alisema, mna chembe zinazojipanga kama sumaku ndogondogo. Ukizigutusha kwa mawimbi ya redio zinajibu, na ukubwa wa jibu unaonyesha wingi wa maji. Mashine kubwa za hospitali za Ulaya humzungushia mgonjwa sumaku yenye nguvu ileile kila upande. Hii yake hubandikwa upande mmoja tu, na nguvu yake hupungua kadiri inavyozama ukutani, hivyo husikia tabaka jembamba, milimita chache tu kutoka usoni pa ukuta. Nilisikia kila neno, nikatikisa kichwa kama msomi. Maana yake niliipata alipokwisha kubandika sanduku lile kwenye chokaa mbichi ya yule mama.

Nyumba yake ikaandikwa kuwa na maji. Na zote za barabarani vilevile. Za nyuma, zilizokosa chokaa, zikapita, na yangu ikiwamo.

“Papa, ni weye ulisema tupake,” yule mama aliniambia mbele ya watu wote. “Sasa banasema nyumba yangu iko na maji. Ingia nabo ndani, bapime kule.”

Tukaingia. Fundi akabandika sanduku upande wa pili wa ukuta uleule, kwenye tofali tupu. Pakavu. Akasogea hadi pembeni, akapima tena, pakavu. Akasema waziwazi kwamba alichopima nje ni chokaa, na kwamba inafaa arudi jua likishawaka.

Afisa aliyemsindikiza hakutaka hata kutazama kioo cha mashine. Alisema ripoti imekwisha. Viwanja vya barabarani vilikuwa vimeahidiwa wafanyabiashara wa jumla waliotaka pa kujenga depo. Sokoni jambo hilo lilijulikana kabla sumaku haijafika. Nilipoanza kubisha, akacheka.

“Shefu, ni weye ulimwaga maji,” alisema. “Tupime na ya kwako tena?”

Watu wakacheka. Mimi nikampisha njia.

Hadi leo damu inanichemka. Mtu yule alikuwa na chombo cha kusikia maji ndani ya ukuta, na fundi mwaminifu wa kukitumia, na jibu la kweli likitamkwa mbele yake, naye akakifanya rungu la kuwapiga wajane. Wala sitaki kusikia kwamba nyakati zilikuwa ngumu. Ugumu wa nyakati haukumziba masikio. Na mimi nilikuwa na nyumba ya kuokoa, nikaiokoa kwa kufunga mdomo. Hilo simtupii afisa.

Walipovunja, ukuta ule ulishuka kwa vumbi, vumbi jekundu lililofunika barabara hadi wavunjaji wakajifunga vitambaa puani. Kabla ya hapo nilikuwa nimepanda juu ya paa la yule mama kung'oa mabati, naye akisimama chini na ndoo ya misumari.

“Toa misumari yote, Papa,” aliniambia. “Basibakie na kitu.”

Akahamia Kasungami na mabati yake. Miaka ilipopita nilikwenda kumsalimia. Binti yake alinipa kiti nje, akasema mama yuko shambani, atarudi jioni. Nilikaa pale nikitazama kijia, wanawake wakapita na majembe hadi wa mwisho, na giza likaanza kuingia. Binti akatoka kuniambia kwamba mama amekwisha rudi, kwa njia ya nyuma, na amelala.