Unga Chini ya Kucha

Dada yangu alioka mikate kiwandani miaka thelathini na mmoja, na wenzake huko walimwita Jemadari. Hawakukosea. Sasa amestaafu, tunaishi wawili, wajane, na amri zote alizokuwa akiwapa watu arobaini zimeniangukia mimi.

Mwaka huu mzima alikuwa na vita moja tu. Mjukuu wake wa pekee, tunayemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupumziki, ana miaka saba na hali ngano. Si kwamba haipendi. Ngano ina kitu kiitwacho gluteni, hicho kinacholifanya donge la unga livutike, na kikimwingia tumboni kinamlaza kitandani, hata kiwe chembe. Daktari alisema hivyo, mama yake akasema hivyo, na dada yangu, aliyelisha mtaa mzima kwa ngano, akasikiliza kwa sikio moja. Mwaka jana, siku moja alipoachiwa mtoto, alimkatia kipande chembamba cha keki kwa siri, akisema kidogo hakidhuru. Mtoto alitapika siku tatu.

Mkwe wake, mama wa Chiriku, hakugomba. Afadhali angegomba. Zamani Chiriku alikuwa akishinda kwetu kila Jumapili, toka asubuhi hadi jioni. Tangu keki ile mama yake anamleta, anakaa naye kiti kwa kiti saa moja, kisha wanaaga. Dada yangu alizitaka Jumapili zake kuliko kitu chochote duniani, nami nilijua bila kuambiwa, maana ukuta wa vyumba vyetu ni mwembamba.

Basi akajifunga kibwebwe. Alichagua pai ya wazi, isiyo na mfuniko: unasukuma donge liwe duara, unapanga matunda, kwake plamu, katikati, unakunja kingo juu yake, unaoka. Alisema hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Kwa ngano, labda. Unga wa mchele na wanga wa muhogo havishikani, ukikunja vinakatika. Pai ya kwanza ilipasuka pande zote, maji ya plamu yakatapakaa tanuri zima. Ya pili ungeweza kuezekea nyumba. Ya tano ilikuwa na ladha ya chaki. Nani alizila? Mimi, na meno yangu haya ya kuhesabika. Nilipomshauri anunue biskuti maalumu za dukani, alinitazama kana kwamba nimemtukana marehemu mama yetu, nami nikashika hamsini zangu.

Ya tisa ilishika. Siri ilikuwa yai, siagi baridi kabisa, na kulilaza donge kwenye friji nusu saa kabla ya kuligusa. Akasugua jiko lote kwa maji ya moto, akanunua ubao mpya na mti mpya wa kusukumia, akalifungia kopo letu la ngano kabatini. Kisha akampigia simu mkwe wake kumwomba Jumapili waje kula pai. Mkwe aliuliza maswali kwa dakika ishirini, naye alijibu yote kwa adabu, jambo ambalo sikujua kama analiweza.

Jumapili asubuhi nilitangulia mimi jikoni. Nilihitaji kijiko cha ngano kuupa mchuzi wangu uzito, nikalitoa kopo, na nilipomaliza nikaliweka mahali pake pa miaka yote, upande wa kulia wa ubao. Kosa ni langu na sitalikwepa.

Saa tisa pai ilitoka tanurini. Nzuri, jamani, kingo zimekaa sawa, plamu zinang'aa. Jemadari akaketi kusafisha kucha kwa njiti ya kiberiti. Mara akaanza kusugua kitu kati ya vidole viwili. Unga wa mchele una chengachenga hata usagwe vipi. Wa ngano unateleza, na vidole vyake havidanganyiki. Aligeuka kulitazama kopo. Lilikuwa wazi. Alipokuwa akikunja kingo, donge lilimnata, na mkono wa miaka thelathini na mmoja ukaenda wenyewe kulia, ukachota, ukanyunyiza.

Mlango ukagongwa. Nikamnong'oneza kwamba hilo ni vumbi tu, halijai hata kijiko cha chai.

“Mwaka jana pia ilikuwa kidogo tu,” akasema, akaenda kufungua.

Chiriku alipita chini ya mkono wake, akafika mezani, akaanza kuhesabu plamu kwa sauti. Dada yangu aliinyanyua sinia mbele ya pua ya mtoto. Akamgeukia mkwe wake, akapasua jipu.

“Mwanangu, hii asiiguse. Nimetia ngano. Mkono umezoea, nimegundua sasa hivi.”

Nikasema, shingo upande, kwamba kopo nililiacha nje mimi. Hakuna aliyenisikiliza. Chiriku alikuwa ameanza kulia. Dada yangu hakumbembeleza. Alitoka na pai nzima mpaka kwenye pipa la taka, nami moyo ukaniuma, maana hiyo ningeila kwa hiari. Aliporudi alibandika maji ya moto, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuisugua meza upya. Alisema plamu zimebaki sita, siagi ipo, yai lipo, na kazi nzima ni ya saa mbili.

Mkwe alitazama saa yake. Alimtazama mama mkwe wake akijisugua kucha kwa brashi, moja baada ya nyingine, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akachukua mkoba. Nilijua yameisha, nikaanza kumtafutia mtoto viatu.

“Ubao huo usiutumie, mama,” mkwe akasema. “Sukumia juu ya karatasi. Nitampitia saa kumi na mbili.”

“Utampitia nani?”

“Chiriku.”

Jemadari alisimama, brashi mkononi ikidondosha maji sakafuni. Akanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyepaswa kujibu, na machozi yakamtoka mbele ya mkwe wake.