Kalondu na Landrova ya Kuuzwa

Kalondu alikuwa fundi wa kushona nguo katika soko la Mbumbuni, na mume wake, Kiema, alikuwa fundi wa magari. Mwaka wa 1977 walinunua Landrova kuukuu iliyoachwa nyuma ya duka moja huko Kasikeu, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Kiema alifungua injini yote akaifunga upya. Kalondu alishona viti na turubai, akaipaka bodi rangi ya kijani kwa brashi. Ilipowaka, Kiema akamfundisha kuiendesha kwenye uwanja wa mpira. Kalondu hakuwahi kuiendesha mbali zaidi ya magoli.

Wakaandika "INAUZWA" kwenye kioo. Akaja Hirsi, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Mwingi, pamoja na mkewe, Kaltun. Hirsi aligonga bodi, akalala chini kutazama chesisi, kisha akasema hanunui gari ambalo hajaliona likipanda mlima. Lakini Kiema alikuwa ameangukiwa na jeki juzi, mguu umefungwa bandeji. Basi Kalondu akavua tepu ya kupimia shingoni, akashika usukani.

Barabara ya Mbooni ni kona tupu. Ya kwanza alisahau kupumua. Ya pili akaanza kutabasamu. Landrova ilinguruma, ikapita mawe na mitaro kama haioni, na wanawake waliokuwa wakivuna maharagwe wakaacha kazi wakapiga vigelegele. Kaltun, aliyekuwa amemng'ang'ania mumewe, akaangua kicheko mpaka mtandio ukamdondoka. Kalondu naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, na njia yote ya kurudi wawili hao hawakuweza kutazamana bila kuanza tena.

Hirsi hakubishania bei. Alipokea ufunguo, akabaki ameushika tu. Kiema akamuuliza kama kuna shida.

"Mimi sijui kuendesha," Hirsi akasema. "Nilikuwa natafuta gari kwanza, dereva baadaye."

"Atupeleke huyu huyu," Kaltun akasema. "Akiendesha mwingine, sipandi."

Kiema akamkumbusha mkewe kwamba kuna nguo za harusi za wateja ambazo hazijakamilika. Kalondu alikuwa ameshaketi kwenye usukani.

Walienda wote, Kiema akiwa amenyoosha mguu wake nyuma. Huko Mwingi, Kalondu alimfundisha Hirsi kuendesha katika uwanja wa mnada, ng'ombe wakikimbia huku na huku. Kaltun akadai naye afundishwe, na akajua mapema kuliko mumewe. Siku ya kuagana ni yeye aliyewapeleka kwenye basi, akipiga honi njia nzima, Hirsi ameketi nyuma ameshikilia chuma kwa mikono miwili.