Bodi ya Baba na Wadogo Zake

Kampuni yetu ya kufungasha viungo ilikuwa na bodi, na bodi ilikuwa baba. Mwenyekiti yeye, mkurugenzi yeye. Wajumbe waliobaki ni ami zangu wawili, wadogo zake, na mimi bintiye. Tulikutana ghorofani juu ya duka, Mji Mkongwe. Baba akishasema lake, ami zangu hujibu "Sawa, kaka," tukaletewa kahawa. Mkubwa akishasema, mdogo ampinge vipi? Mimi niliyesomea biashara niliona wazi mahoteli yanayonunua kwetu yanatuhama kwa sababu baba hataki kubadilisha chochote, na bado niliitikia. Nilijiambia ni adabu. Ulikuwa woga mtupu.

Benki ikatutaka tuongeze mjumbe asiye wa ukoo. Akaja bibi mmoja wa Chukwani, mzaliwa wa Tumbatu, mhasibu mstaafu. Ami zangu walinuna. Katika kikao chake cha kwanza alisikiliza, halafu akasema kwa upole kwamba mtu hawezi kuendesha kampuni huku anajisimamia mwenyewe. Baba abaki mwenyekiti, ukurugenzi apewe mwingine. Bila hivyo, kwa hasara ile, mwakani tutafunga. Akaomba tupige kura.

Hapana aliyenyanyua mkono. Ami zangu walimtazama baba. Mimi nilitazama meza. Kazi ile baba aliianza na mama, wakichambua karafuu kwa mikono yao, na tangu mama afariki hana kingine kinachomtoa kitandani asubuhi. Nilimpenda mno siku ile, na nilimkasirikia vilevile.

"Mnanionea haya," baba alisema. "Na mie nikikutazameni hivi, hamtosema kweli mpaka kiyama."

Akasimama, akageuza kiti chake, akakaa akielekea dirishani, sisi tukabaki na kisogo chake chenye mvi.

"Haya. Anayetaka nitoke ukurugenzi anyanyue mkono. Sitogeuka."

Wa bibi ulipanda. Ami mdogo akafuata, kisha mkubwa. Mimi nikawa wa mwisho, macho yamejaa machozi, sioni kitu. Nilipoyafuta ili nimwambie baba tumemaliza, nikahesabu mikono mitano. Wa tano ulikuwa wake.