Dole Gumba la Mzee Masolwa

Kiharusi kilipompiga Mzee Masolwa wa Itetemia kilichukua upande wote wa kulia, na pamoja nao mkono uliovua kambare mto Igombe miaka arobaini. Miezi minane sasa yuko kitandani. Dada wa mazoezi ya viungo alisema jambo moja tu: dole gumba likianza kutii, huenda mkono nao ukafuata.

Ndipo mjukuu wake Koleta, wa kidato cha pili, akamletea mchezo wa kuvua kwenye simu. Humo kambare hutoka usiku tu, na usiku wa humo huingia kila baada ya robo saa, hata nje jua likiwaka. Boya likizama, unabonyeza. Mzee aliapa kubonyeza kwa dole la kulia, si jingine.

Siku ya tisa hii, hajapata hata mmoja.

"Babu, limezama! Bonyeza!"

"Subiri, mke wangu. Kambare hanyakuliwi. Unamwacha ameze kwanza."

"Ameze nini, babu? Kashaondoka huyo!"

"Basi waliotengeneza mchezo huu hawajawahi kumwona kambare."

Koleta akacheka, na mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Maneno yake mwenyewe yalimtuliza. Dole halina shida. Shida ni kwamba anamjua kambare kupita kiasi.

Lakini Koleta ni mbishi. "Haya, sasa Igombe tuisahau. Likitikisika tu, bonyeza."

"Sawa."

Kioo kikawa cheusi, vyura wakalia ndani ya simu. Kivuli kirefu kikaja, ndevu mbele. Boya likatikisika. Mzee akabonyeza. Yaani alibonyeza moyoni, kwa nguvu zote, mpaka jasho likamtoka shingoni. Dole lilibaki limelala ukingoni mwa simu kama la mtu mwingine.

Boya likaibuka tupu.

Mara ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu. Mara ya nne Koleta akalishika lile dole akalikandamiza kwenye kioo. Simu ikashangilia, kambare mnene akaruka, jina la Masolwa likaandikwa juu.

"Umempata, babu! Umeona?"

Mzee alikuwa anatazama vidole vya mjukuu wake, bado vimeshika dole lake. Angefumba macho, asingejua kama ameguswa.

"Funika huo mkono," alisema. "Sitaki kuuona."